Mtoto si Mdeni Wetu



Wahenga walisema, Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Neno hili kila mzazi hulijua, wala hahitaji mwalimu wa kumfundisha. Walakini liko swali moja ambalo wazazi Wakristo hujiuliza kwa siri kuliko mbele ya watu. Tumefundishwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya watoto wetu, tena tumefundishwa kuwavumilia. Mbona basi mioyo yetu i mizito kwa yote mawili? Mbona kinywa kishukurucho siku ya Jumapili hukosa saburi siku ya Jumatatu? Mwezi huu twataka kulifikiri jambo hili pamoja nanyi. Hatusemi kama watu waliokwisha kushinda. Tu wenzenu katika kazi ile ile.

Na tuanze na habari iliyotupata sisi wenyewe. Siku moja, maharagwe yalipoanza kuchanua, tulimtuma mwana wetu wa miaka tisa aende kuchunga mbuzi. Njiani alikutana na wenzake, wakacheza mpira wa matambara hata jua likaelekea kuchwa. Mbuzi nao wakaingia katika shamba la jirani, wakala matuta manne. Jirani alipokuja kwetu hakupaza sauti. Alisema tu, "Ndugu yangu, njoo uone." Tukaenda, tukaona, tukaahidi kumlipa debe moja la maharagwe wakati wa mavuno. Tuliporudi nyumbani tulitwaa fimbo. Hatukuuliza neno. Tulimpiga mtoto hata mama yake akatushika mkono.

Kosa lilikuwa lake, hilo halina shaka. Lakini usiku ule tulipoketi kula, tuliinamisha vichwa tukamshukuru Mungu kwa ugali na mboga, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu. Sala ilipokwisha, wote waliitika Amina, ila yeye. Alikuwa akitazama chini. Hatukumlazimisha, kwa kuwa tulijua sababu, nasi tuliona haya. Kinywa kilichoshukuru ndicho kile ambacho, saa moja kabla, kilikuwa kikihesabu debe la maharagwe.

Tulipolala tulijiuliza: Tulimpiga kwa ajili ya nani? Kama ingalikuwa kwa ajili yake, tungalimwuliza kwanza habari. Tungalimpeleka shambani ayaone matuta yale. Tungalikwenda naye kwa jirani ili aombe radhi kwa kinywa chake. Katika hayo hatukufanya hata moja. Tulimpiga kwa ajili ya maharagwe, tena kwa ajili ya aibu iliyotupata mbele ya mtu mpole. Mtoto alikuwa ametutia hasara, nasi tukamtoza.

Ndugu, twadhani hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Kila mzazi ana daftari moyoni mwake. Mama huandika miezi tisa ya kubeba mimba na usiku mwingi wa kukesha. Baba huandika ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo, na viatu, na dawa. Na aleaye mtoto wa marehemu ndugu yake huandika kwa kalamu nzito zaidi, kwani husema moyoni, "Huyu hata sikumzaa." Siku mtoto anapokosa, daftari hufunguliwa, naye husomewa yote: "Nilikubeba, nilikulisha, nilikusomesha, na haya ndiyo malipo yako!"

Gharama zile ni za kweli, wala hatuzidharau. Lakini angalieni lifanyalo daftari hili katika moyo wa mzazi. Mwenye kudai hawezi kuwa na saburi, maana siku ya malipo ikipita anaona ameibiwa. Wala hawezi kuwa na shukrani, maana hakuna mtu ashukuruye sana kwa kulipwa kilicho haki yake. Mtoto akifanya vema, mzazi husema, "Ndivyo ilivyompasa." Akifanya vibaya, husema, "Amenidhulumu." Basi ukosefu wa saburi na ukosefu wa shukrani si magonjwa mawili. Ni ugonjwa mmoja, na jina lake ni kumhesabu mtoto kuwa mdeni.

Tukitafuta dawa, hatuna haja ya kwenda mbali. Martin Luther alizikagua sharika za nchi ya Saxony mwaka 1528, akaona jinsi watu walivyokuwa hawajui hata mambo ya kwanza ya imani. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo ndogo, nayo aliiandika ili wenye nyumba wawafundishe watu wa nyumbani mwao. Wengi wetu tuliikariri tulipokuwa tukingojea Kipaimara. Je, twakumbuka maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani, ihusuyo uumbaji? Hapo Luther anayataja mambo ambayo Mungu ametupa: mwili na roho, macho na masikio, nguo na viatu, chakula, nyumba, mke na watoto, shamba na mifugo. Kisha anasema kwamba hayo yote Mungu hutupa kwa wema wake wa kibaba, wala sisi hatukuyastahili. Kwa hiyo yatupasa kumshukuru na kumtumikia.

Katika hesabu ile watoto wamewekwa kati ya nyumba na mifugo. Zamani tulipoisoma tuliona ni ajabu, kana kwamba mtoto amelinganishwa na mbuzi. Baada ya siku ile ya maharagwe tulielewa vingine. Mambo yote katika hesabu ile ni vipawa. Mbuzi ni kipawa, na maharagwe ni kipawa, na mtoto ni kipawa. Sisi tulikuwa tumetwaa kipawa kidogo na kukitumia kuwa fimbo ya kukipigia kipawa kikubwa. Tena Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, huwataja watoto wema pamoja na vyakula na hali njema ya hewa na majirani waaminifu. Mzazi anayesali Baba Yetu amekwisha kumwomba mtoto wake kama ombaomba aombavyo mkate. Nani aliyepewa mkate bure, kisha akaudai mkate umlipe?

Hapo atatokea ndugu atuambie, "Maneno yenu ni matamu, lakini yataharibu watoto. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Samaki mkunje angali mbichi." Ndugu huyu asidharauliwe, kwa sababu asema kweli, na Maandiko yashuhudia pamoja naye. Kuhani Eli alikuwa na wana wawili, Hofni na Finehasi, waliozidharau sadaka za Bwana na kufanya uovu mlangoni pa hema. Eli alisikia habari zao, akawaonya kwa mdomo, wala hakuwazuia. Mwisho wake wana wote wawili walikufa siku moja. Mtu asiite hiyo saburi. Saburi hungoja huku ikifanya kazi, kama mkulima angojaye mvua huku akipalilia.

Lakini katika nyumba ile ile ya Bwana kule Shilo alikuwamo mzazi mwingine, jina lake Hanna. Huyu alingoja miaka mingi pasipo mtoto, huku mwenzake Penina akimchokoza. Alipompata Samweli hakusema, "Huyu ni malipo ya machozi yangu." Alimwita mtu aliyeombwa kwa Bwana, na baada ya kumwachisha ziwa alimrudisha kwa Bwana. Tena twasoma kwamba kila mwaka, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimchukulia mtoto kanzu ndogo aliyoishona. Fikirini, akina mama: Hanna alishona nguo ya mtoto ambaye hakumwona kwa mwaka mzima. Kila mara ilimpasa kukisia kimo chake. Hakuwa akidai kitu. Hata hivyo hakuacha kazi ya mama. Ndivyo afanyavyo mtu aliyewekewa amana. Amana hutunzwa kwa bidii kuliko mali ya mtu mwenyewe, kwa sababu yuko Mwenyewe atakayeiuliza.

Kwa hiyo kumfuta mtoto katika daftari si kumwacha ovyo. Mwenye amana atamrudi mtoto, pengine kwa ukali wa maneno, pengine kwa kumnyima alichokipenda, pengine kwa kumpa kazi ya kutengeneza alichoharibu. Lakini atamrudi kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya Mungu aliyemweka mikononi mwake. Luther mwenyewe alijua tofauti hiyo kwa ngozi yake. Alikumbuka hata uzee wake jinsi mama yake alivyompiga mpaka damu ikatoka kwa ajili ya kokwa moja tu, na jinsi baba yake alivyompiga siku moja hata akamkimbia, na baba ikambidi kufanya kazi ya kumvuta tena kwake. Alikiri kwamba wazazi wake walimtakia mema. Walakini alionya kwamba tofaa liwe karibu na fimbo. Mtume Paulo naye, katika Waefeso na Wakolosai, aliwakataza akina baba kuwachokoza watoto wao wasije wakakata tamaa. Twaweza kumlazimisha mtoto atii huku moyo wake umekwisha kuondoka nyumbani.

Wengine watauliza, "Je, mtoto hana wajibu wo wote kwa wazazi wake?" Anao, tena mkubwa. Amri ya nne yamwagiza kuwaheshimu baba na mama, wala Mungu hakuiweka bure. Sisi tu watoto wa wazazi wetu, na ole wetu tukiwasahau katika uzee wao. Lakini amri ile ni neno la Mungu kwa mtoto. Yatupasa kuifundisha kama tufundishavyo amri nyingine, kisha tumwachie Mungu kuiuliza. Mwana aliyekwenda mjini, asiyepiga simu wala kuleta salamu, hatarudishwa na orodha ya mambo tuliyomfanyia. Ameisikia mara nyingi. Pengine ndiyo aliyoikimbia.

Na hapa twamkumbuka baba yule aliye katika Luka sura ya 15. Mwana mpotevu aliporudi alikuwa ameandaa maneno njiani, nayo yalikuwa maneno ya mdeni: kwamba hastahili kuitwa mwana, na afanywe kama mmoja wa watumishi wa mshahara. Alitaka kulipa kidogo kidogo. Lakini baba hakumwacha amalize. Kabla neno la mshahara halijatamkwa, alikwisha kuagiza joho na pete na viatu. Kisha alikuja yule mkubwa, naye vilevile alikuwa na daftari lake: alitaja miaka aliyotumika, akataja mwana-mbuzi ambaye hakupewa kamwe. Wana wote wawili walidhani kwamba wamekaa katika nyumba ya madeni. Mmoja alidhani anadaiwa, mwingine alidhani anadai. Baba peke yake ndiye aliyejua kwamba nyumba ile ilikuwa nyumba ya vipawa. Alingoja kwa saburi, na alipompata mwanawe akafanya karamu ya shukrani, kwa sababu hakuwa akihesabu mali iliyopotea.

Ndugu, kama Mungu angalitusomea daftari lake, nani angalisimama? Yeye hakutusomea. Deni letu amelilipa Mwokozi wetu msalabani. Itakuwaje basi sisi tuliosamehewa talanta elfu kumi tumkabe mtoto koo kwa ajili ya dinari mia?

Bado liko neno gumu kuliko yote, wala hatupendi kulipita kimya. Amana huweza kuitwa na Mwenyewe. Katika sharika zetu wamo wazazi waliozika watoto, nao husikia mahubiri ya shukrani kama mtu asikiaye kicheko nyumba ya jirani. Tuwaambie nini? Luther na mkewe Katharina walipewa watoto sita. Elisabeth alikufa mwaka 1528, hajatimiza mwaka mmoja. Magdalena, aliyezaliwa mwaka 1529, aliugua mwaka 1542, akiwa na umri wa miaka 13. Kaka yake Hans aliitwa kutoka Torgau alikokuwa akisoma, kwani ndugu hawa walipendana sana. Tarehe 20 Septemba binti alikufa mikononi mwa baba yake. Siku chache baadaye Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yampasa yeye na mkewe kushukuru kwa furaha, kwa kuwa mtoto amefika salama. Lakini nguvu ya upendo wa mzazi ni kubwa hata hawawezi kufanya hivyo pasipo machozi na kuugua.

Mtu aliyeandika Katekisimo hakuona haya kusema hivyo. Twajifunza kwake kwamba shukrani ya Kikristo haimwamuru mzazi akaushe macho. Mdai aliyeibiwa hulia kwa hasira, naye hapati faraja mpaka alipwe. Aliyepewa kipawa hulia kwa upendo, na katika kilio chake aweza kusema, "Miaka ile kumi na mitatu ulitupa bure." Shukrani ya namna hii haifundishwi siku ya msiba. Hujifunzwa polepole katika siku za kawaida, juu ya vikombe vilivyovunjika na mbuzi waliopotea.

Basi, kwa siku hizo za kawaida, twawashauri wasomaji mambo matatu, ambayo sisi wenyewe bado twajifunza. La kwanza, kabla ya kumrudi mtoto tujiulize, Kwa ajili ya nani? Tukiona ni kwa ajili ya hasara yetu au aibu yetu, tungoje mpaka hasira ipoe. La pili, katika sala ya jioni tumshukuru Mungu kwa ajili ya kila mtoto kwa jina lake, naye akisikia, tukitaja jambo moja tulilolipokea kwake siku ile. Wala tusimruke yule aliyetuudhi. La tatu, tukimkosea mtoto tumwombe radhi. Wako waonao kwamba jambo hili huvunja heshima ya mzazi. Lakini Katekisimo ndogo, inapotufundisha kuungama, hutuagiza tuitazame hali yetu kwa amri za Mungu, tukijiuliza kama tu baba au mama, mwana au binti, na kama tumekuwa na hasira, au tumemwumiza mtu kwa neno au kwa tendo. Baba ametajwa, tena kabla ya mwana. Heshima iwezayo kuvunjika kwa neno la kweli haikuwa heshima; ilikuwa hofu tu.

Asubuhi baada ya usiku ule tulimwita mwana wetu, tukamwambia mbele ya mama yake kwamba tulimpiga kwa hasira, na kwamba haikuwa haki. Hakujibu neno. Kisha tukaenda wote wawili kwa jirani. Mtoto akaomba radhi kwa ajili ya mbuzi, nasi tukaomba radhi kwa kuwa tuliwaacha mbuzi wengi mno chini ya mtoto mdogo. Jirani akampa jembe, naye akapalilia matuta yaliyosalia, siku tatu mfululizo baada ya shule, nasi tukipalilia kando yake.

Jioni ya kwanza hakuitika Amina, wala jioni ya pili. Tuliona uchungu, na daftari likataka kufunguka tena: "Tumemwomba radhi, anataka nini zaidi?" Tukajizuia. Siku ya nne, tuliposhukuru chakula, tulisikia Amina yake, ndogo sana, nyuma ya sauti za wengine. Hatukumtazama, asije akaona haya. Tulikula.

Bwana aliyetuvumilia sisi atujalie kuwavumilia watoto aliotukabidhi, na kumshukuru kwa ajili yao siku zote, hata siku ile atakapotuita sisi na wao nyumbani kwake. Amina.